Bango la Mhandisi

Jumatatu, 7 Oktoba

Wiki ya sita ya uongo. Nimevaa sweta la chuo kikuu, nikaugusisha mkono wa Mama kwenye paji la uso wangu, nikaomba baraka, nikaondoka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, anatembea ameshika kiuno. Akanihimiza nikajenge daraja. Nikaitikia!

Sikwenda chuo kikuu. Nimekwenda chuo cha jamii, kile cha karibu na reli, nikabadilisha nguo ndani ya gari. Nimeacha uhandisi. Nasomea uuguzi.

Mama ni muuguzi mwaka wa ishirini na nne. Tangu tutoke kwetu Pangasinan, ng'ambo ya bahari, hajui likizo. Stockton nzima, angalau Stockton yetu ya kanisani, ameitangazia kwamba Arnel wake atakula mshahara akiwa amekaa kwenye kiti. Juu ya gereji kuna bango la turubai, mita tatu, uso wangu na maneno: HONGERA MHANDISI WETU WA KESHO. Nilipofeli hesabu mara ya pili ilinipasa nimwambie. Babu alipolazwa, nikagundua kumlisha uji ndicho kitu pekee ninachokiweza duniani, ilinipasa nimwambie pia. Sikumwambia. Ninajuta kila nikipita chini ya lile bango.

Sare zangu za uuguzi nazificha chini kabisa ndani ya pipa la mchele. Hakuna mtu anayefika chini. Mpango safi.

Jumatano, 9 Oktoba

Jovelyn, binti wa mama mdogo, yuko darasa moja nami. Balaa! Mtihani wa mifupa: yeye tisini na nane, mimi sabini na moja. Kila asubuhi ananiuliza kwa sauti mhandisi daraja limefikia wapi. Leo ameniambia nimweleze Mama ukweli kabla hajaujua mwenyewe. Nikamwambia nangoja wakati mzuri. Akauliza wakati mzuri ni upi, Mama akishazikwa?

Tumepatana. Yeye anyamaze, mimi nioshe vyombo vya sherehe zote za ukoo hadi Pasaka. Sufuria za mama mdogo zina ukoko wa tangu enzi za Babu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwisha. Kesho tunaanza mafunzo kwa vitendo, na nimepangiwa nyumba ya wazee ambamo Mama hufanya kazi Jumamosi. Nimemwomba mwalimu anibadilishie. Akataka sababu. Nikasema wazee wananipa mafua. Akaandika kitu kwenye daftari lake, kirefu.

Mpango mpya: barakoa, kofia ya upasuaji mpaka kwenye nyusi, miwani ya Jovelyn, sauti nzito. Jovelyn amenikodishia miwani kwa vyombo vya karamu mbili zaidi, baada ya Pasaka. Mchoyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilipewa Mzee Halvorsen, kilo mia na kitu. Nimgeuze. Nikainama. Mara sauti nyuma yangu: "Magoti, we kijana! Kunja magoti, mgongo uache!"

Mama!

Akanishika kiuno kwa mikono miwili, akanishusha mpaka nikakaa sawa. Nikasukuma, mzee akageuka vizuri kabisa. Na mfuko wa sare yangu ukageuka naye. Mchele ukamwagika sakafuni, ta-ta-ta-ta. Mzee Halvorsen akauliza nani anaoa hata arushiwe mchele. Wenzangu walicheka. Mama aliokota punje moja, akaisugua kati ya vidole kwa muda mrefu. Sura yake sikuiona. Kwa miwani ya Jovelyn, hata mlango nilikuwa nauona mara mbili.

Akasema tu, "Endelea, mwanangu." Lakini wanafunzi wote anawaita hivyo, kwa hiyo niko salama.

Baadaye nilimchana mzee nywele. Alinishika mkono akakataa kuuachia, akauliza kama nitarudi. Nikasema nitarudi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mama alikuwa mlangoni anatutazama, nami nilitamani kuivua ile barakoa palepale. Mkono ulifika sikioni. Ukarudi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Mama alipika supu ya ukwaju, ile ninayoipenda. Kwa siku ya kawaida! Akauliza hesabu zinaendaje. Nikasema vizuri. Akaweka kijiko chini, akauliza tena kama sina jambo lolote la kumwambia, lolote lile. Nikafungua mdomo niseme yote. Nikamwambia daraja letu la mfano limefaulu majaribio. Alinitazama, kisha akaniambia nile, supu inapoa.

Halafu akachukua ngazi. Na mgongo wake ule! Akalishusha bango peke yake, akakataa nimsaidie. Alisema jua limelifubisha. Alilikunja taratibu, uso wangu ukiwa ndani, akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni.

Nikakimbilia pipa la mchele. Sare zangu zipo, lakini zimefuliwa, zimepigwa pasi, mifuko imeshonwa mdomo. Juu yake kuna mkanda wa mgongo wa Mama, ule wa zamani aliokuwa akijifunga kuinulia wagonjwa.

Nimewaza sana. Sare ni kazi ya Jovelyn, ananikejeli. Mkanda Mama aliudondosha akichota mchele. Mama hajui kitu. Mama angejua angepiga kelele zikasikika San Jose, na leo hakupiga hata moja.

Kinachomliza ni bango. Roho imeniuma, miaka yote ile ya zamu za usiku, halafu hata bango hana. Kwa hiyo nimempigia simu mchapishaji. Nimeagiza jipya, mita sita, uso wangu umevaa kofia ya mhandisi. Nitalitundika Ijumaa kabla hajarudi kutoka kazini. Atafurahi sana.