Kuhusu Kugawanywa kwa Mikono Yangu Miwili

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Toangoma, Temeke.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Mimi ni Anjelina, mjane wa Stephano, yule seremala aliyetengeneza benchi mnalokalia hapo ofisini. Naleta malalamiko yafuatayo, na naomba yasomwe kikaoni.

1. Wadudu wa bustani ya marehemu wana ubaguzi. Yeye alipalilia mchicha na bamia kila jioni akiwa na singlendi tu, anapiga mluzi, na hawakumgusa. Tangu nishike jembe lake, mbu na sisimizi wananila kana kwamba nimevamia kiwanja cha watu. Nawashwa mpaka natamani kujikuna kwa chanuo. Zamani nikiumwa, Stephano alinigusisha kitako cha kikombe cha bati chenye maji ya mtungini, akasema, "Tulia, mama Noela, usijikune, inapita." Na kweli ilipita.

2. Bi Hamida, jirani yangu wa nyuma, aliniona najikuna getini. Akaingia bila hodi, jani la mshubiri mkononi. "We Anjelina, acha kucha! Utajimenya kama ndizi!" Akaniosha kwa sabuni, akanipaka ule ute wa baridi mkono wa kulia wote. Sikupata nafasi ya kukataa.

3. Ute haujakauka, akaingia Bernadeta wa nyumba ya pili na barafu kwenye leso. Akanusa. "Mshubiri? Mwenzangu, si ndiyo dawa ya kuku hiyo?" Hamida akamjibu, "Na hiyo barafu yako si ya samaki?" Walibishana wakiwa wamekaa mkekani kwangu hadi chai ikapoa. Mwisho wakaafikiana, mimi sikuulizwa: mkono wa kulia ni wa Hamida, wa kushoto ni wa Bernadeta, na atakayeniponya kwanza ndiye mshindi.

4. Sasa wanakuja kukagua kila jioni, wananigeuzageuza kama wanunuzi wa nyanya. Jumapili mzee Matar wa dukani, ambaye hajawahi kuvuka geti langu, alikuja na chupa ya kalamini, ile dawa ya kupaka ya muwasho, akauliza kwa adabu kama miguu ina mwenyewe.

5. Tangu tuanue matanga, nyumba yangu ilikuwa kimya. Watu walinisalimu kwa mbali, macho chini, maana hawakujua waseme nini, na mimi sikujua niwaanzie wapi. Nilishazoea kusonga ugali wa mtu mmoja na kuzima taa mapema. Leo nalazimika kuosha vikombe vya watu wazima watatu wanaocheka kwa sauti sebuleni kwangu. Mheshimiwa, kwa umri huu, hii ni haki?

Kwa hiyo naomba mtaa utume wapuliza dawa wawamalize wadudu wote wa bustani ile, asibaki hata mmoja. Pia ofisi itangaze kwa kipaza sauti kwamba viungo vyangu vimerudishwa kwa mwenyewe. Ikishindikana, basi aje mpima viwanja aniwekee bikoni kwenye mabega, kila mtu ajue mwisho wa eneo lake.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto, na yule karani anayekohoa. Mwambie anywe tangawizi.

Ni mimi raia wako mtulivu, isipokuwa ninapowashwa,
Anjelina

Nyongeza: Nimesikia wapuliza dawa wanapita mtaani kesho. Tafadhali waruke kwangu. Mkono wa kulia umepona kabisa, Hamida ametangazwa mshindi, na jana hakuna aliyekuja. Jioni hii nimekunja mikono ya gauni hadi mabegani na nakwenda kupalilia bamia taratibu.