Wakwe Wamekuja na Beleshi

Jumamosi, 12 Julai
Tumefika Zoutelande, kijiji cha pwani, mimi na mwanangu Rinus. Kijana mrefu, mzuri, ana shahada ya mambo ya maji! Mimi niliishia shule ya mapishi, lakini hizo akili lazima zilitoka mahali. Wiki hii yeye na mchumba wake Heike wanaamua: wakioana wakae huku kwetu Zeeland, Uholanzi, au kwao Heike, Ujerumani. Heike na wazazi wake wanakuja kesho kupiga kambi nasi. Mpango wangu: waipende Uholanzi mpaka wamwache binti huku. Hema nimelisimamisha mahali bora kuliko pote, nyuma ya kilima cha mchanga, hakuna upepo. Rinus anasema hapo ni bondeni. Nikamwambia nchi yetu nzima iko bondeni, chini ya bahari, na tunalala vizuri.

Jumapili, 13 Julai
Wamefika. Walisema saa nane, na saa nane kamili hao! Baba yake Heike, Ottmar, hata kahawa hajanywa, katoa beleshi kwenye gari. Anachimba mtaro kuzunguka hema lake! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia mkewe, Irmgard, kwamba watu wao wakiona mchanga tu mikono inawawasha. Akatabasamu kidogo, akaingia hemani. Jioni Rinus kaja amenuna. "Mama, nakuomba, kuwa mtu wa kawaida tu." Mimi! Kambi nzima hakuna mtu wa kawaida kunishinda. Na sisi Waholanzi hatuwahukumu watu kwa taifa lao. Wenye tabia hiyo ni Wajerumani.

Jumatatu, 14 Julai
Mbinu mpya. Wanatusema kuwa sisi Waholanzi ni wabahili wa chakula, basi nimepika sufuria nzima ya kome wa baharini, na chipsi juu. Kuleni, kuleni! Irmgard kala watatu, akasema wana ladha ya kipekee. Amependa sana. Ottmar akatazama mawingu, akauliza kwa adabu kama anichimbie na mimi mtaro. Nikamjibu: "Baba Heike, sisi tuliifunga bahari kamba kabla babu zenu hawajaujua mwavuli!" Rinus akainamia sahani yake. Unyenyekevu huo kautoa kwangu.

Jumanne, 15 Julai
Mvua! Nilijilaza baada ya chakula cha mchana, nikaamka godoro linaelea nami juu yake. Viatu vyangu vilishatangulia nje. Nikapiga yowe. Ottmar akaja mbio na beleshi, fulana tu mwilini, akachimba utadhani anayatafuta maji, si kuyafukuza. Hakusema "nilikwambia". Mimi ningesema. Mwanangu mwenye shahada kashika ndoo, mzee anamwelekeza: "Kushoto, mwanangu, kushoto!" Mwanangu. Nilisikia vizuri. Irmgard kanivalisha soksi zake, kanipa supu ya dengu. Nikalia. Akasema: "Mama Rinus, kwetu tunaambiwa Mholanzi halii mbele za watu." Nikauliza nani kawaambia. "Kila mtu!" Tukacheka mpaka supu ikamwagika. Ahsante Mungu kwa watu hawa.

Jumatano, 16 Julai
Wameamua. Ujerumani. Moyo uliruka, kisha ukatulia. Mwanangu anakwenda kwa watu watakaomchimbia bila kumcheka. Mama gani hawezi kushukuru? Na Irmgard kasema chumba changu kipo, nije siku yoyote. Siku yoyote! Hapa kwetu hata dada yangu wa tumbo moja, nikitaka kumtembelea naomba wiki tatu kabla. Nikamkumbatia, nikamwambia nakuja Jumamosi na ninakaa mpaka Septemba. Furaha ilimfunga mdomo kabisa.

Sasa nafungasha. Rinus kanieleza kuwa Irmgard hufunga mapazia kila jioni, mazito, mpita njia haoni ndani hata kidogo. Kwetu Uholanzi dirisha huachwa wazi hata usiku, anayefunga pazia ana la kuficha. Maskini, hajapata mtu wa kumwambia ukweli. Nitayashusha yote siku ya kwanza. Atanishukuru.