Mlima Wangu, Mto wa Wifi

Jumatatu, 4 Agosti
Mwanangu Kijiko ametumbukiza kiatu cha baba yake kwenye ndoo sasa hivi, kisha akakipigia makofi. Kiatu kipya, kigumu kama tofali! Baba mtu anasema ni cha kazini. Nimekianika dirishani, nimembusu mtoto kisogoni, hasira kwisha.

Mume wangu kapata likizo, ya kwanza tangu tuoane. Kijiko atabaki kwa bibi yake, sisi tuvuke mpaka. Mpaka upi sasa? Nchi ya kusini ina mlima. Nchi ya magharibi ina mto wa maporomoko, watu wanashuka na boti ya mpira huku wanapiga mayowe. Mimi mlima. Kuogelea sijui, hata beseni naliogopa. Wifi yangu anataka mto. Nani kamwalika? Kajialika.

Jumanne, 5 Agosti
Nina mpango! Mume wangu hunipinga kwa kila kitu. Nikitaka pazia la bluu, yeye la kijani. Nikifunga dirisha, anafungua. Basi nikililia mto, lazima aseme mlima.

Jioni nimeusifu mto mpaka koo limekauka. Mume wangu kakuna kidevu. Dawa imeingia!

Alhamisi, 7 Agosti
Dawa imenitokea puani. Kaja kutoka kazini anatabasamu, kampakata Kijiko, akaniambia, "Mama Kijiko, vile viatu si vya kazini. Nilikuwa nautaka mlima. Lakini kila siku nakupinga wewe tu. Safari hii nakufuata."

Alikuwa anautaka mlima! Na mimi nautaka! Nimejiroga mwenyewe. Ningesema ukweli pale pale, lakini uso wake ulikuwa unang'aa kama wa Kijiko akiona maji. Nikasema asante.

Wifi kapiga vigelegele mpaka jirani kachungulia. Eti hakujua nina roho ngumu, alidhani mimi ni wa sufuria tu. Eti tutakaa mbele, maji yanapopiga.

Jumamosi, 9 Agosti
Wifi kaleta majaketi ya kuelea. Kijiko kavaa moja, kagoma kulivua, kalala nalo. Mume wangu viatu vyake vya mlima kampa fundi mwenzake. Viatu vipya vile, jamani! Kesho anathibitisha nafasi zetu. Neno moja tu la kweli leo, na mlima tunao.

Lakini nina mpango bora. Wifi naye hapendi kushindwa. Asubuhi nimemwambia mto naupenda kuliko yeye, na mbele nitakaa peke yangu. Kakuna kidevu kama kaka yake. Mpaka jioni atautaka mlima mwenyewe!

Naitwa. Ni wifi, yuko mlangoni na mwalimu wa kuogelea, anasema Mama Kijiko njoo na taulo. Hakuna shida. Huyu mwalimu nitamwambia naupenda mto kiasi kwamba...