Uhakiki wa Mwenyeji wa Karema

Nina heshima kuutangazia umma kwamba katika hija ya Karema ya mwaka 1996, hakuna mkazi hata mmoja wa makazi yetu aliyevuka kizuizi bila kibali. Kama Ofisa Vibali, naona ni wajibu wangu kueleza mafanikio haya yalivyopatikana.

Makazi yetu yapo nje ya Mpanda. Wakazi walikimbia Burundi miaka ya sabini, na hawatoki bila kibali. Kanuni niliziandika mwenyewe. Sina chuki na mtu. Nilitaka tu kila mguu ujulikane unakwenda wapi.

Mwanzoni mwa Agosti alikuja Mama Donatille, mjukuu wake Emelyne akiwa amelala mgongoni. Mtoto aliponea chupuchupu surua, na bibi alikuwa ameweka nadhiri: akipona, atamfikisha kwa Bikira Maria wa Karema siku ya Kupalizwa, tarehe kumi na tano. Nyuma yake walipanga foleni wenzake arobaini na wawili.

Tukafika kipengele cha tisa cha fomu ya kibali.

"Mwenyeji wako Karema ni nani?"

"Mama Maria."

"Maria wa nani?"

"Wa Yusufu."

"Barua ya mwaliko?"

"Haandiki barua, bwana mkubwa. Anatuita tu."

"Ni mzaliwa wa Karema?"

"Wa Nazareti. Aliwahi kukimbilia Misri na mtoto mchanga. Mfalme alitaka kumuua."

"Alikuwa na kibali?"

"Angempa nani? Mfalme?"

Foleni ilicheka chinichini. Mimi niliandika: mwenyeji ni mkimbizi, ahakikiwe kwanza. Maombi yote nikayasimamisha.

Ili nisionekane mzembe, tarehe kumi na moja nilipanda Landrova kwenda Karema kumhakiki mwenyeji mwenyewe. Kizuizini niliwakuta Donatille na wenzake wameketi kando ya barabara na vifurushi vyao. Mgambo Wiliam, Mpimbwe wa kabila la huku anayesoma kwa kufuata mstari kwa kidole, alikuwa amewazuia tangu asubuhi. Nikampongeza.

"Asante, mkuu. Na chako?"

"Changu nini?"

"Kibali."

"Wiliam, mimi ndiye ninayetoa vibali."

"Najua. Imeandikwa 'yeyote, bila kujali cheo'. Saini ni yako."

"Basi najiandikia sasa hivi."

"Kifungu cha nne kinakataza mtu kujiandikia."

Kifungu kimeandikwa vizuri.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Kwa Maria."

"Maria wa nani, mkuu?"

Hujaji mmoja alikohoa muda mrefu.

Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, nilipaswa kushikiliwa mpaka nidhaminiwe na msafiri mwenye kibali halali. Wiliam alitazama kulia na kushoto. Msafiri wa namna hiyo hakuwepo. Nikatoa mhuri na fomu zao mkobani, nikagonga vibali arobaini na vitatu juu ya boneti ya Landrova, cha Donatille kikiwa cha kwanza.

"Sasa nidhamini, mama."

"Niweke wapi dole gumba?"

"Bado," Wiliam alisema, kidole kwenye mstari. "Kifungu cha kumi na mbili. Mdhamini anatia dole akisharudi kutoka safari, kwa kuwa wadhamini wengi hutoroka."

Leo ni siku ya kumi na saba nikiwa kwenye kibanda cha Wiliam. Siku ile, kabla hawajaondoka, nilimuuliza Donatille atarudi lini. Alikaza kanga iliyombeba mtoto.

"Mama mwenyewe akituruhusu, bwana mkubwa," alisema, na kizuizi kikainuliwa.