Boila la Babati Halijawashwa

Jumatatu, 10 Julai 2006
Nimeamka nikiwa mwandishi. Mjomba Zabron amenipa ruhusa nisikae dukani kwake hadi Jumamosi, siku vijana wa parokia watakaposoma hadithi zao ukumbini. Itakayoshinda itachapwa kitabu. Nikishinda, niko huru. Nikishindwa, nitapima misumari mpaka uzee.

Sina wasiwasi. Riwaya yangu ni ya Babati isiyojua umeme. Mvuke wa ziwa unaendesha kila kitu: mashine za kusaga, treni ya Kondoa, hata viboko wa chuma wanaolima mashamba ya kijiji cha Singe. Shujaa ni Kindness, binti wa miaka kumi na sita, ambaye lazima awashe boila kuu, tangi la chuma linalochemsha mvuke wote, kabla mji haujasimama. Bado sijaandika hata sentensi moja ya Kindness. Kwanza ukoo wa boila.

Jumanne, 11 Julai
Nimekwenda kijiji cha Nakwa kumpeleleza Dorothea, mshindani wangu. Naye anaandika mambo ya mvuke, mwizi wa mawazo huyo. Nikamuuliza bibi wa shujaa wake alikuwa nani. Akasema hajui, shujaa yuko mbioni na paa linaungua. Maskini. Nikamshauri kwa upole aanze na bibi, ili apoteze muda. Akanishukuru, akanipa kipande cha muwa, akaendelea kuandika. Muwa ulikuwa mtamu, sikatai.

Alhamisi, 13 Julai
Sendofu ya Anjela, binti wa jirani anayeagwa kwenda kuolewa. Mshereheshaji ametambulisha kamati ya chakula, kamati ya mapambo na mashangazi wa pande zote mbili. Kila aliyetajwa alisimama akapunga mkono. Chakula kilichelewa sana na hakuna aliyeondoka. Kumbe watu wanapenda utambulisho kiasi hiki!

Sura yangu ya kwanza itakuwa hivyo hivyo. Tena nimewagawia majaji mababu humo ndani. Babu wa Mzee Teodori, jaji mkuu, ndiye mvumbuzi wa boila. Nani atamnyima ushindi babu yake?

Jumamosi, 15 Julai
Niliomba nitangulie. Nikasoma kwamba mvumbuzi wa boila, babu wa Mzee Teodori, asimame. Mzee Teodori akasimama mwenyewe na kupunga mkono. Makofi. Nikamtazama Mjomba kwa dharau kidogo.

Mama Hope, msikilizaji kutoka kijiji cha Sigino, akanyoosha mkono, akauliza kama watu wa Sigino hawakushiriki kujenga hilo boila. Nikaomba radhi, nikawapa Sigino kamati ya kuni palepale. Vigelegele. Nakwa wakanuna, nikawapa kamati ya maji. Mzee mmoja wa Singe akaapa kwamba chungu cha kwanza cha mvuke kilitoka jikoni kwa mama yake. Nikakitambulisha chungu. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka hadi machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ndipo Mwalimu Damasi, mshika saa, akagonga kengele. Muda umekwisha. Kindness alikuwa bado hajatajwa.

Akapanda Dorothea. Sentensi yake ya kwanza tu, bomba likapasuka. Watu wakasogeza viti mbele. Mama Hope akashika mdomo. Nilikuwa nimepanga kukohoa katikati ili kumvuruga, nikasahau, maana nilitaka kujua kama shujaa wake atatoka motoni. Alitoka. Dorothea ameshinda. Mjomba amenikabidhi funguo za duka.

Jumatatu, 17 Julai
Dukani. Asubuhi alikuja mteja wa misumari ya bati. Nikaanza kumweleza chuma chake kilikotoka, akahamia duka la pili. Watu hawana subira.

Mchana amepita Mzee Teodori. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanisifu sana, kisha akauliza kwa nini sikumtaja bibi yake. Hapo kosa langu likaonekana waziwazi. Nilitambulisha upande wa baba tu! Ndiyo maana nimeshindwa. Nani anafanya shughuli bila ndugu wa upande wa mama?

Nimefunga duka mapema, nimeanza upya. Nimefika kwa mashangazi wa bibi. Kindness atasubiri kidogo.