Tangazo la Mbolea Lililoingia Kwenye Usaili Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kijiji cha Sangbae,
Mjomba Maeng Gil-ho,

Pokea salamu zangu kwanza, maana bibi amesema nikianza na lawama ataichana barua hii mwenyewe. Ni mimi Tak Yeon-ju, mjukuu wa Bibi Tak wa nyumba ya mwisho, niliyerudi kutoka Seoul mwaka jana bibi alipopasuliwa goti. Natafuta kazi ya kufanyia nyumbani, kwa sababu goti lile halitaki kuachwa peke yake. Jumanne kampuni moja ya Seoul ilinisaili kwa simu ya video. Yaliyonipata ni haya, na kwa heshima zote, nakulaumu wewe.

1. Kwetu mtandao unashika ghalani tu, juu ya magunia ya vitunguu saumu. Nikavaa koti la suti juu, suruali ya shambani chini, nikapanda. Wasaili walikuwa watatu. Bi. Yeo, mkubwa wao, akauliza, "Mlikuwa mnaelewana na bosi wako wa zamani?" Nikajibu, "Sijawahi kugombana naye hata siku moja." Sauti ikakatika. Kilichofika Seoul ni "kugombana naye" na "siku moja". Bi. Yeo akaandika kitu. Kirefu.

2. Sikubabaika. Nilizima picha ili sauti ipate nafasi, nikaomba radhi, nikaomba kurudia jibu. Sauti ikarudi safi kabisa. Wakauliza, "Udhaifu wako mkubwa ni upi?" Papo hapo kipaza sauti chako, kile cha matangazo ya kijiji kwenye nguzo iliyo kando ya ukuta wetu, kikanguruma: "Wanakijiji! Mbolea ya kuku imefika! Inanuka, lakini ni nzuri! Anayeitaka aje mapema!" Mjomba, hilo ndilo jibu walilolisikia.

3. Bibi naye akaja na mkongojo wake. "We Yeon-ju, unaongea na nani humo vitunguuni? Kama ni mwanamume, mwambie aingie ale!" Hili pia nakuhesabia wewe, kwa kuwa alikuwa anakuja kuniletea habari za mbolea.

Kwa hiyo naomba matangazo yasimame kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Hilo likishindikana, kilima cha nyuma ya ghala kikatwe nusu, maana ndicho kinachozuia mawimbi. Najua kina makaburi ya ukoo wako, lakini sidhani kama marehemu watakataa kusogea kidogo ili mwana wa kijiji apate kazi. Na kama hata hilo ni zito, basi tubadilishane nyumba. Wewe na shangazi, mkeo, mhamie kwetu, sisi tuhamie kwenu, ambako nasikia mtandao unashika hadi chooni, mpaka nitakapoajiriwa.

Nisamehe kwa kusema wazi. Kijijini tumebaki watu thelathini na wanane, na mdogo kuliko wote ni mimi, mwenye miaka thelathini na moja. Nikikosa kazi ya hapa itanibidi nirudi mjini, na bibi hatanilalamikia. Hilo ndilo linaloniuma.

Nisalimie shangazi, nisalimie wazee wote wanaokaa ukumbi wa kijiji, na mbwa wako, ambaye siku ile peke yake ndiye aliyenyamaza.

Ni mimi mpwa wako, ninayekatikakatika,
Tak Yeon-ju

Tanbihi: Kabla sijaileta barua hii, Bi. Yeo alipiga simu. Wasaili walikuwa wamecheka hadi machozi, wakasema hawajapata kuona mtu jasiri kama mimi, wakaniita kwenye usaili wa pili. Safari hii nilikwenda maktaba ya wilaya, kwenye chumba kisichopitisha hata sauti ya nzi. Walinisikia vizuri, neno kwa neno, dakika arobaini nzima. Wamenikataa. Alhamisi saa tisa nasailiwa na kampuni nyingine, nikiwa nyumbani. Tafadhali, Mjomba, usibadilishe chochote.