Makoti ya Mwarobaini

Jumatatu, 8 Desemba

Utajiri huu hapa! Nimechemsha jora zima la kitambaa cheupe kwa majani ya mwarobaini, kwenye pipa la bafuni. Limetoka na rangi ya nyasi zilizotafunwa. Haidhuru. Litaua kijidudu chochote kitakachothubutu kumkalia nesi. Mji mzima wa Tirupur unashona fulana. Ni mimi tu, Thangavelu, niliyewaza makoti ya hospitali yanayopigana vita yenyewe. Poongodi, mke wangu, aliuliza tu ataogea wapi.

Kaka yake, shemeji Marudhachalam, akaja kunusa. Akauliza ni nini kimetufia humu ndani. Kisha, mbele ya mke wangu, akanipa hadi Ijumaa: nisipopata oda ya hospitali, Jumatatu nirudi kwenye karakana yake kukunja fulana kama zamani, na nimwite Bosi. Nimekubali! Sijui kwa nini nimekubali. Afadhali ninywe pipa lote.

Jumanne, 9 Desemba

Hospitali. Matroni Arokiamari alishika sampuli yangu kwa ncha za vidole. Akataka cheti cha maabara. Akauliza koti likifuliwa kila siku kwa maji ya moto, dawa itabaki au itakwenda na povu. Nikasema itabaki. Akauliza nimejuaje. Nikakohoa. Akasema manesi wake wanahamisha vijidudu kwa mikono ya makoti kutoka kitanda hadi kitanda, wagonjwa wanaumia, na yeye hana muda wa michezo. Niliona aibu. Ilipita nilipofika getini.

Jumatano, 10 Desemba

Ushahidi! Jana Poongodi alisaga mchele na dengu kwa ajili ya idli, vile vikeki vya mvuke vya asubuhi, akakosa mfuniko, akafunika sufuria kwa kipande cha kitambaa changu. Leo rojo haijaumuka! Imelala tu, bapa, hata povu hakuna. Na rojo inaumuliwa na nini? Vijidudu! Vimekufa vyote! Nimerukaruka jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Poongodi alitaka kuniambia kitu kuhusu friji, eti sufuria ililala humo kwa sababu ya sisimizi. Nikamwambia anyamaze, sayansi inazungumza. Tumekula mkate.

Alhamisi, 11 Desemba

Matroni amekubali jaribio, shingo upande: rojo yangu isipoumuka, ataifikiria oda. Sufuria mbili zitalala jikoni mwa hospitali. Rojo ni ya Poongodi; niliibeba alipokuwa bafuni, siku ya kwanza kupata nafasi ya kuoga kwa raha. Sufuria moja nimeifunika kwa shuka jepesi la wodini. Nyingine nimeizungushia kitambaa changu, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto anayepelekwa kliniki alfajiri, ili dawa izidi nguvu. Mpishi akasema kwa baridi ya mwezi huu rojo bila blanketi haiumuki. Simjibu mpishi, mimi.

Shemeji alipita kuuliza kama bado nakumbuka kukunja fulana. Nikamwambia atafute mtu mwingine.

Ijumaa, 12 Desemba

Maafa! Rojo ya shuka imelala doro. Yangu imefura, imekisukuma kitambaa, imemwagika mezani na kuteremka hadi sakafuni, mbele ya manesi wote! Matroni akaigusa kwa ncha ya kidole. Akasema, "Bwana Thangavelu, kitambaa chako hakiui vijidudu. Kinavilea."

Nesi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mpishi akaipika rojo iliyobaki sufuriani, zikatoka idli. Wakala zote, wakaomba na chatini. Yule aliyekaa chini akaninong'oneza, "Baba, hizi laini kuliko za mama. Usije ukamwambia." Hawakuniachia hata moja.

Nyumbani Poongodi hakucheka. Alinipigia pasi shati la kazini. Nimeumia kuliko nilivyoumia kwa manesi.

Jumatatu, 15 Desemba

Karakana. Kunja, funga, ndiyo Bosi. Meza yangu iko jirani na choo. Mchana Bosi akalalamika kwamba siku hizi idli za kwake ngumu kama tofali, rojo haiumuki. Nikaitupa fulana mezani. Nani Tirupur hii ana kitambaa cha kuumua rojo? Mimi! Hayo ya makoti yalikuwa mawazo finyu. Wapika idli ni wengi kuliko manesi!

Nimempa Bosi kipande, na tumewekeana dau mbele ya mafundi wote. Rojo yake ikiumuka kesho, natoka hapa mtu huru, na yeye ndiye ataniita Bosi. Isipoumuka, nitakunja fulana zake mpaka nizeeke, na nitamwita Bosi hata kwenye harusi za ukoo. Ni kipande kimoja, chembamba, lakini kina nguvu zake.

Jioni nimemsimulia Poongodi. Akashika kichwa, akaanza kusema kwamba hata kwa kaka yake kuna sisimizi, na rojo yao hulala kwenye friji. Nikamwambia anyamaze, sayansi inazungumza.